Mwamba Ulioshika Gesi

Fundi viyoyozi anayefanya kazi kwenye maghorofa ya Kariakoo ana mashine ambayo wapita njia wa Mtaa wa Congo wameizoea kwa kelele zake. Ni bomba fupi la chuma lililofungwa kwenye mota ya umeme, na ukingo wake umepachikwa chembe za almasi. Fundi analielekeza ukutani, kijana wake anashika mpira wa maji, bomba linaanza kusaga zege taratibu. "Dogo, maji!" ndiyo amri inayosikika kila mara, maana bila maji almasi huungua. Dakika chache baadaye ukuta una tundu la duara la kupitishia mabomba ya kiyoyozi, na ndani ya chuma kumebaki kipande cha zege, mviringo mzima, kokoto zake zimekatwa katikati na zinaonekana moja moja. Fundi anakigonga kinatoka, anakitupa kwenye ndoo ya kifusi. Anachotaka yeye ni tundu.

Mjiolojia wa mafuta na gesi hutumia chombo cha namna hiyohiyo kwa kusudi la kinyume. Tundu kwake ni njia tu. Anachokifuata, wakati mwingine kilomita kadhaa chini ya ardhi, ni kile kipande kilichobaki ndani ya bomba.

Wahandisi wa majengo nao hufanya hivyo. Wakitaka kujua kama zege la jengo lililokwisha kujengwa lina nguvu inayotakiwa, hukata kipande cha mviringo kutoka kwenye nguzo au sakafu, wakakiminya kwenye mashine hadi kipasuke. Baada ya jengo la ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo, na watu wengi wakaanza kujiuliza swali ambalo wanajiolojia huishi nalo: kilichofichika ndani, kisichoonekana kwa rangi ya nje, kikoje? Jibu la uhakika ni lile linaloletwa na kipande chenyewe mkononi.

Viyoyozi vya Kariakoo, pamoja na taa za maduka na cherehani za mafundi wanaoshona ghorofani, kwa miaka mingi viliendeshwa kwa sehemu kubwa na gesi iliyokuwa imelala kwenye tabaka la mchanga ulioganda kuwa jiwe, chini ya kisiwa cha Songo Songo wilayani Kilwa. Kampuni ya AGIP ya Italia iliigundua mwaka 1974. Ilipopiga hesabu zake iliona haitalipa, ikaondoka. Gesi ilibaki pale miaka 30. Mwaka 2004 ndipo ilipofika Dar es Salaam kwa bomba lenye urefu wa kilomita 232, kilomita 25 za kwanza chini ya bahari na zilizobaki nchi kavu hadi Ubungo. Mitambo ya umeme ya Ubungo ikaacha kuchoma mafuta ya ndege, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kikaanza kuwasha tanuri zake kwa gesi ya nyumbani. Leo bajaji nyingi zinazopakia abiria Msimbazi zina mtungi wa gesi hiyo, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo kwa miguu haiko mbali na soko, hufunga mifumo ya gesi kwenye magari.

Miaka hiyo 30 haikupotea bure. Baada ya AGIP kuondoka, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lililoundwa mwaka 1969, liliendelea kuchoronga visima Songo Songo na kukusanya ushahidi. Mtu aliyetaka kuwashawishi wakopeshaji watoe fedha za bomba hakuweza kuwaonyesha gesi, gesi haionekani. Alichoweza kuwaonyesha ni vipimo: mwamba una nafasi kiasi gani ndani yake, gesi hupita humo kwa urahisi gani, na visima vitatoa kwa kasi gani kwa miaka mingapi. Vipimo hivyo huanzia kwenye vitu viwili, kumbukumbu za vifaa vinavyoteremshwa kisimani, na jiwe lenyewe.

Kulipata jiwe hilo ni kazi ya subira. Kwa kawaida mchoronga kisima husaga mwamba ukawa vipande vidogo, vinavyopanda juu pamoja na tope la kuchorongea. Vipande hivyo husaidia, lakini vimechanganyika na vimepondeka. Ili kupata mche mzima wa mwamba, ule ambao Watanzania wa fani hii huuita choronge, lazima shughuli isimame. Mabomba yote yanapandishwa juu, mita kwa mita. Kichwa cha kawaida kinaondolewa, kinafungwa kichwa chenye tundu katikati na almasi kwenye ukingo, na nyuma yake bomba la ndani lenye urefu wa mita 9, au mawili au matatu yaliyounganishwa. Kisha yote yanateremshwa tena, yanakata, yanapandishwa. Katika bahari ya kina kirefu, meli ya kuchoronga iliyokodiwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku inasubiri muda wote huo. Ndiyo maana visima vingi duniani havina hata mita moja ya choronge, na ndiyo maana mita chache zilizopo zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana.

Kupandisha nako kuna masharti. Gesi iliyobanwa ndani ya vitundu vya mwamba hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua, na ikitanuka haraka hulipasua jiwe kabla halijafika juu. Kwa hiyo mita za mwisho hupandishwa polepole kuliko za kwanza. Jiwe likifika sitahani huwa bado limo ndani ya bomba la alumini, na jambo la kwanza linalofanyika ni kuchora mistari miwili sambamba kwa urefu wote, mmoja mwekundu na mwingine mweusi. Desturi ni kwamba ukilisimamisha jiwe kama lilivyokuwa ardhini, mstari mwekundu unakuwa kulia. Bomba linakatwa vipande vya mita moja moja, kila kipande kinaandikwa kina chake, kinafungwa vifuniko miisho yote miwili. Mfanyakazi akikosea hapo, akageuza kipande juu chini, mto wa kale utasomeka unapanda mlima, na hakuna mashine ya maabara itakayomwambia kwamba kosa lilifanyika sitahani.

Maabara hupokea masanduku. Kwanza mwamba hupitishwa kwenye kipimo cha mnururisho wa asili, kwa sababu udongo wa mfinyanzi hutoa mnururisho zaidi ya mchanga, na mchoro unaopatikana hulinganishwa na ule uliopimwa ndani ya kisima. Hapo ndipo mara nyingi hugundulika kwamba kina kilichoandikwa sandukuni kimepishana na kina halisi kwa mita moja au mbili. Kisha jiwe hupasuliwa kwa urefu, upande mmoja ukahifadhiwa kwa ajili ya macho na picha, upande mwingine ukatobolewa vijiti vidogo vya mviringo vyenye kipenyo cha sentimita mbili na nusu au karibu nne. Vijiti hivyo ndivyo vinavyohojiwa.

Kabla ya kuhojiwa huoshwa. Chombo kinachotumika sana kilibuniwa na Wamarekani wawili, Ernest Dean na David Stark, mwaka 1920: mvuke wa kimiminika kiitwacho toluini hupanda, hupita kwenye jiwe, huondoa mafuta na maji, kisha hupoa na kudondoka kwenye kikombe chenye alama za vipimo, maji yakatengana chini. Kwa kusoma alama, mtaalamu anajua mwamba ulikuwa umebeba maji kiasi gani. Kukausha nako si kuweka tu kwenye oveni. Baadhi ya miamba ina nyuzi za udongo nyembamba mno zilizoota ndani ya vitundu, na kukausha ovyo huzikunja zikalala. Wataalamu wa Bahari ya Kaskazini walipokausha mawe ya namna hiyo bila uangalifu, vipimo vyao vilisema mwamba unapitisha vizuri kuliko unavyopitisha kweli, na ahadi iliyojengwa juu ya vipimo hivyo haikutimia kisimani.

Nafasi iliyomo ndani ya jiwe hupimwa kwa heliamu, gesi ambayo atomi zake ni ndogo, huingia kila upenyo na haing'ang'anii ukutani. Kijiti huwekwa kwenye chumba cha chuma, heliamu huachiwa kutoka chumba cha pili, na kwa kanuni aliyoieleza Robert Boyle mwaka 1662, kushuka kwa shinikizo kunatoa ujazo wa chembe ngumu. Kinachobaki ni tupu. Jiwe zuri la mchanga linaweza kuwa na asilimia 20 au 30 ya nafasi. Inafurahisha kwamba heliamu hiyohiyo sasa inatafutwa bondeni Rukwa kwa visima, na kwamba huko nako swali ni la mwamba upi uliishika.

Lakini nafasi peke yake haitoshi. Jiwe linaweza kuwa limejaa vitundu ambavyo havijaunganika, likashika gesi nyingi na lisitoe hata kidogo. Kipimo cha pili, cha upitishaji, kimebeba jina la mhandisi wa maji wa mji wa Dijon, Ufaransa. Henry Darcy aliuletea mji wake maji safi, na alipokuwa akitafuta namna ya kuyachuja alijaza mchanga kwenye mapipa ya chuma yaliyosimama wima, akapitisha maji, akapima. Mwaka 1856 alichapisha matokeo: kasi ya maji hulingana na tofauti ya shinikizo na hupungua kadiri safu ya mchanga inavyokuwa ndefu. Hakuwa na habari na mafuta. Hata hivyo kila mjiolojia wa petroli duniani leo hupima kwa darsi, au sehemu yake ya elfu moja, milidarsi. Mwamba mzuri wa mchanga una mamia ya milidarsi. Jiwe la tope lililoshikamana linaweza kuwa na chini ya sehemu ya elfu moja ya milidarsi moja.

Ugunduzi mkubwa wa bahari ya kina kirefu kusini mwa Tanzania ulidhihirisha kwa nini mambo haya hayawezi kusomwa kwa vifaa vya kisimani pekee. Kuanzia Pweza mwaka 2010, kampuni za Ophir na BG zilivipa visima vyao majina ya viumbe vya baharini: Chewa, Chaza, Jodari, Mzia. Statoil ya Norway, iliyokuwa na ExxonMobil, ilichagua majina ya viungo na mimea: Zafarani na Lavani mwaka 2012, kisha Tangawizi, Mronge, Giligiliani. Mtu akipita na kapu lake kati ya soko la samaki la Feri na Kariakoo anaweza kuyasoma majina mengi ya ramani hiyo kwenye meza za wauzaji. Zafarani ilichorongwa mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 2,500. Kwa ujumla wake, pamoja na nchi kavu, nchi imekadiriwa kuwa na futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi ardhini.

Mchanga ulioshika gesi hiyo ulisukumwa na mito kutoka bara, ukateleza mteremko wa bahari ukiwa umechanganyika na tope, ukatua kwenye mifereji ya chini. Mara nyingi hutua kwa tabaka nyembamba, sentimita chache za mchanga, kisha tope, kisha mchanga tena. Kifaa cha kisimani kinachotazama nusu mita kwa wakati mmoja huona mchanganyiko wa kijivu usio na maana. Choronge lililopasuliwa na kulowekwa kidogo huonyesha kila tabaka, na mahali ambapo kifaa kilisema hakuna kitu, jicho linahesabu mchanga safi unaoweza kutoa gesi. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa kilomita za mraba, inaweza kuamua kama kiwanda cha kusindika gesi Lindi kinajengwa ama la.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao haukuanzishwa na mtu anayetafuta gesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa vyuo vya Uingereza na Ireland pamoja na TPDC walianza kuchoronga visima vifupi Kilwa na Lindi, kazi iliyojulikana kama Mradi wa Uchorongaji Tanzania. Paul Pearson wa Cardiff na Chris Nicholas wa Dublin walikuwa miongoni mwa walioongoza; upande wa TPDC alikuwepo Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku vidogo visivyoonekana kwa macho. Walichokitafuta ni tope. Tabaka nene la tope la bahari, lililotua kwa mamilioni ya miaka nje ya pwani ya zamani kisha likainuliwa, liko karibu sana na uso wa ardhi vijijini kwenye maeneo ya Kilwa Masoko na Pande.

Tope hilo limejaa foraminifera, viumbe vya bahari vya seli moja vinavyojijengea magamba ya chokaa. Sehemu nyingi duniani magamba ya namna hiyo yamegeuka meupe na mazito kwa sababu maji ya chini ya ardhi yameyapitia, yakaiyeyusha chokaa na kuiunda upya. Ya Kilwa ni angavu. Ukiyaweka chini ya darubini unaona ndani. Sababu ni kwamba tope limebana kiasi kwamba maji hayakupita, na chokaa ilibaki kama ilivyowekwa na kiumbe chenyewe zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Spishi mojawapo kutoka visima hivyo, yenye miiba inayochomoza kwenye magamba yake, imepewa jina la Singano: Hantkenina singanoae. Ni heshima anayostahili mwanasayansi aliyetumia maisha yake ya kazi kusoma kilichomo ndani ya vumbi la mwamba, na inasikitisha kwamba Watanzania wengi waliosoma jiografia shuleni hawajawahi kusikia jina lake.

Viumbe vya jenasi hiyo ya Hantkenina vilitoweka vyote takriban miaka milioni 34 iliyopita, na kutoweka kwao ndiko kunakotumiwa na wanajiolojia duniani kuweka mpaka kati ya enzi za Eosini na Oligosini. Ni wakati uleule barafu kubwa ilipojijenga Antaktika. Mwaka 2009, Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya boroni kutoka kwenye magamba ya Tanzania, elementi ambayo huacha alama ya kiwango cha tindikali ya bahari na kwa hiyo ya hewaukaa iliyokuwa angani. Waligundua kwamba hewaukaa ilishuka kabla ya barafu kutanda, na kwamba kizingiti kilikuwa karibu sehemu 760 kwa milioni. Kabla ya viwanda hewa yetu ilikuwa na takriban 280. Sasa imepita 420. Vijiji vya Kilwa, kwa maneno mengine, vimetoa mojawapo ya vipimo muhimu vya kujua dunia ilikuwaje hewa ilipokuwa imebeba ukaa mwingi.

Tope lililohifadhi magamba yale kwa kuzuia maji lina ndugu zake wa zamani zaidi chini ya bahari, tope la enzi ya Kretasia lililofunika mchanga wa Songo Songo na kuzuia gesi isipande. Sifa ni ileile. Bila mwamba mfuniko wa aina hiyo, AGIP wangekuta mchanga umejaa maji ya chumvi. Na swali la leo, ambalo halikuwepo mezani mwaka 1974, ni kama miamba ya namna hii inaweza kurudishiwa kitu: hewaukaa inayotoka kwenye mabomba ya moshi, ikikamatwa, ikibanwa, ikisukumwa chini na kubaki huko.

Norway ilianza mwaka 1996. Gesi ya eneo la Sleipner ilikuwa na hewaukaa nyingi mno isiyofaa kuuzwa, na Serikali ilikuwa imeweka kodi ya hewaukaa tangu 1991, hivyo Statoil ikaitenga na kuizika kwenye mchanga wa Utsira, takriban mita 800 hadi 1,000 chini ya sakafu ya bahari. Karibu tani milioni moja kwa mwaka. Kina hicho hakikuchaguliwa ovyo. Chini ya mita 800 hivi, joto na shinikizo hupita nyuzi 31 na mara 73 ya shinikizo la hewa ya kawaida, na hewaukaa hushikamana ikawa nzito karibu na kimiminika. Tani moja inayojaza zaidi ya mita za ujazo 500 hapa juu huingia kwenye nafasi isiyofika mita za ujazo mbili. Choronge la Utsira lilionyesha mchanga mlegevu wenye nafasi zaidi ya theluthi moja na upitishaji wa zaidi ya darsi moja. Hewaukaa iliingia bila kusukumwa kwa nguvu.

Algeria ilipata somo jingine. Kule In Salah, katikati ya Sahara, BP, Statoil na Sonatrach walianza mwaka 2004 kuzika hewaukaa kwenye jiwe la mchanga lenye unene wa mita 20 tu na upitishaji wa karibu milidarsi 10, sehemu ndogo sana ya ule wa Utsira. Ili iingie ilibidi isukumwe. Satelaiti zilionyesha ardhi ya jangwa juu ya visima ikiinuka milimita chache kila mwaka, na uchambuzi ukaashiria kwamba nyufa zilikuwa zimefunguka na huenda zimeanza kuingia sehemu ya chini ya mwamba mfuniko. Mwaka 2011 kazi ilisimamishwa, zikiwa zimezikwa tani milioni 3.8. Hakuna uvujaji kupitia mwamba mfuniko uliofika juu ya ardhi. Lakini Statoil ileile, ujuzi uleule, na matokeo mawili tofauti. Kilichotofautiana ni jiwe.

Afrika Mashariki haihitaji kusimuliwa hatari ya hewaukaa inayotoka ardhini. Wakazi wa Goma na Sake wanaijua mazuku, gesi inayojikusanya kwenye mabonde madogo ya lava na kuua mifugo na watu bila harufu. Rungwe, mkoani Mbeya, hewaukaa hupanda kwa nyufa za volkano, na kampuni ya TOL Gases huivuna kwa visima na kuiuza, hasa kwa watengeneza vinywaji. Sehemu ya povu la soda inayouzwa Kariakoo ilikuwa ndani ya mlima. Kwa hiyo eneo lilelile la dunia lina miamba inayovuja na miamba iliyoziba tangu zama za dinosaria. Kutofautisha moja na nyingine ndiyo kazi ya choronge.

Na hapa wataalamu hutoa onyo ambalo wanasiasa hupenda kuliruka. Inasemwa mara nyingi kwamba mwamba ulioshika gesi kwa mamilioni ya miaka bila shaka utashika na hewaukaa. Si hakika. Mwamba mfuniko una vitundu, ila ni vidogo mno na vimejaa maji. Gesi ili ipite lazima iyasukume maji hayo yatoke. Nguvu inayohitajika hutegemea udogo wa tundu na mkazo uliopo pale gesi inapokutana na maji. Mkazo kati ya hewaukaa na maji ya chumvi ni mdogo kuliko wa methani, na gesi ya Songo Songo ni methani kwa takriban asilimia 97. Yaani mlango uleule unafunguka kwa msukumo mdogo zaidi. Kwa upande wa pili, hewaukaa ikiwa chini ni nzito kuliko methani, hivyo haipandi kwa nguvu sana. Mambo hayo mawili yanapimana, na mizani huelemea huku au kule kutegemea jiwe lenyewe.

Isitoshe hewaukaa ikiyeyuka majini hutengeneza tindikali. Jiwe la mchanga ambalo chembe zake zimegundishwa kwa chokaa linaweza kulainika. Kuna pia suala la uchovu wa mwamba: gesi inapotolewa kwa miaka mingi shinikizo hushuka na mwamba hujikaza, na kuujaza tena kunaweza kuupasua mahali pasipotarajiwa. Visima vya zamani navyo, na saruji iliyomwagwa miaka ya 1970, ni njia za kutorokea. Maabara hujibu sehemu kubwa ya maswali haya kwa kukibana kijiti cha mwamba kwa joto na shinikizo la kina chake, kukipitishia maji ya chumvi na hewaukaa kwa wiki kadhaa, na kukipiga picha za eksirei wakati kazi ikiendelea.

Tanzania ina sababu ya kujali. Tanuri za Wazo Hill hata zikiwashwa kwa gesi, au siku moja kwa umeme mtupu, zitaendelea kutoa hewaukaa, kwa sababu chokaa yenyewe ikichomwa kuwa saruji huitoa. Jiji linalojengwa kwa kasi ya Kariakoo halitaacha saruji karibuni. Kiwanda kimeunganishwa na bomba linalotoka Songo Songo, na mchanga wa Songo Songo unaendelea kupungukiwa gesi mwaka hadi mwaka. Kwenye ramani mambo hayo yanaonekana kuitana. Uamuzi wa busara hauwezi kuchukuliwa kwenye ramani.

Kinachohitajika kwanza, kutunza vizuri mawe yaliyokwisha kuchorongwa, hakigharimu mabilioni. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliunda mamlaka ya kudhibiti mkondo wa juu, PURA, na kusimamia taarifa za utafutaji ni sehemu ya kazi yake. Uganda imejenga Entebbe mahali pa kutunzia taarifa na mawe ya Ziwa Albert. Masanduku ya mwamba yanataka paa lisilovuja, ukavu, lebo zinazosomeka na orodha ambayo mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaweza kuifungua bila kuandika barua za miezi. Kila mita iliyoharibika ni mita ambayo haiwezi kuchorongwa tena kwa bei ya zamani, na mara nyingi haiwezi kuchorongwa tena kabisa.

Jambo la pili linahusu visima vijavyo. Watafutaji gesi hukata choronge kwenye mchanga, kwa kuwa ndiko pesa iliko. Mwamba mfuniko hupitwa haraka. Norway ilipojiandaa kwa mradi mpya wa kuzika hewaukaa wa Northern Lights, ilichoronga kisima cha Eos, kilichokamilika mwaka 2020, na ikakata choronge la mchanga pamoja na la tope linaloufunika. Leseni za Tanzania zinaweza kudai vivyo hivyo: mita chache za tope katika kila kisima kinachofika kwenye kina kinachofaa. Kipimo cha kwanza cha mfuniko, kile cha kusukuma zebaki ndani ya jiwe ili kujua shinikizo linaloufungua mlango, hutumia kipande kisichozidi ncha ya kidole gumba.